Popobawa Mwenye Zipu

Juzi nimeangalia filamu moja ya popobawa, lile jini lenye mabawa linalowavamia watu usiku, imepigwa hapahapa Mji Mkongwe, Zanzibar, na banda zima la video lilicheka. Wala si kile kicheko cha mtu anayejikaza asionekane muoga. Watoto walikwishaanza kumuigiza popobawa kabla hajamaliza kuingia chumbani. Anaingia taa zote zimewaka, mabawa ya kitambaa cha mwavuli, na akigeuka kumkaba bwana aliyelala unaiona zipu ya mgongoni imekwama katikati. Muziki nao unapigwa kwa nguvu, tusije tukasahau kuogopa.

Watetezi watasema pesa hazikuwapo. Sikubali. Oren Peli, kule Marekani, alipiga Paranormal Activity ndani ya nyumba yake mwenyewe kwa dola 15,000 hivi. Kamera imesimama chumbani, watu wawili wamelala, mlango unasogea kidogo. Basi. Picha ile ikaingiza zaidi ya dola milioni 190. Sisi hatuna vitanda? Hatuna milango?

Na popobawa mwenyewe hakuwahi kuhitaji hata kamera. Mwaka 1995, mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi, habari zake zilianzia Pemba zikavuka mpaka Unguja. Watu wazima na nyumba zao walitoa mikeka, wakalala nje kwa makundi, moto unawaka. Nani alimuona sawasawa? Huyu alisikia harufu, yule alisikia makucha juu ya bati. Lililotisha zaidi ni sharti lake: akishakudhalilisha, uwatangazie wenzio, ukinyamaza, anarudi. Mtunzi gani angebuni jambo kali kama hilo? Ukificha aibu yako, unajiitia usiku mwengine. Na khofu ile haikuishia kwenye maneno. Hapa Unguja mgonjwa wa akili alipigwa na kundi la watu mpaka akafa, wakidai ndiye.

Filamu haikuligusa hata moja katika hayo. Sharti halimo, uchaguzi haumo, marehemu yule hayumo. Kuna mganga tu, anayetuhadithia majini mpaka mtu unatamani popobawa aje amnyamazishe. Hata giza, ambalo sisi tunalijua vizuri, maana tulikaa miezi mitatu bila umeme wa gridi kuanzia Disemba 2009, watengenezaji wameliogopa wao wenyewe.

Mwisho wa filamu tunaambiwa sehemu ya pili iko njiani. Haya, wapige hivi: mwanamme anayeheshimika mtaani, usiku yamemfika. Asubuhi yuko barazani na kikombe chake cha kahawa, wenziwe wanabishana mpira, na yeye ana mpaka jua kuchwa kusema au kunyamaza. Yale mabawa wamrudishie fundi, atie zipu mpya.