Kabla ya Kulipia Kitanda: Mazungumzo na Familia za Temeke na Kinondoni kuhusu Nyumba za Kuacha Pombe



Mmezoea kutusikia tukizungumzia mizani inayopunja, nondo pungufu na simu bandia. Leo tumekuja na huduma ambayo mnunuzi wake hufika akiwa amechoka, ana haya na ana haraka, na mnunuzi wa namna hiyo ni rahisi kuuziwa lolote. Tunazungumzia huduma ya kumpeleka mtu akalale mahali fulani, kwa wiki au kwa miezi, ili aache pombe.

Sisi tunaofanya kazi hii humwita mnunuzi wa bidhaa au huduma «mlaji», hata pale asipokula chochote. Katika huduma hii walaji ni wawili. Yuko anayelipa, ambaye aghalabu ni mama, mke, kaka au dada. Na yuko anayelala kitandani, ambaye mara nyingi hakuulizwa. Anayelipa haoni kinachotendeka ndani, na anayelala hajui kilichoahidiwa wakati wa kulipa. Matatizo mengi ya huduma hii huanzia katika pengo hilo.

Tuanze kwa kutenganisha mambo mawili ambayo matangazo hupenda kuyafunga pamoja. Kuna kuitoa pombe mwilini, na kuna kujifunza kuishi bila pombe. La kwanza ni kazi ya siku chache, nalo ni la kitabibu. La pili ni kazi ya miezi na miaka, na hapo ndipo nyumba ya upataji nafuu, ile ambayo mitaani huitwa soba, ina nafasi yake. Mwenye nyumba mwaminifu atakueleza tofauti hiyo kabla hujamuuliza. Asipoieleza, muulize.

Tunalisisitiza hili kwa sababu linahusu uhai. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa miaka, iwe ni bia, konyagi, gongo au mnazi, ubongo wake umezoea kufanya kazi ukiwa umekandamizwa na kileo. Kileo kikikatwa ghafla, ubongo huo hufyatuka kama tawi lililokunjwa kwa nguvu kisha likaachiwa. Muda wa saa sita hadi nane tangu kinywaji cha mwisho, mikono huanza kutetemeka, jasho hutoka, tumbo huchafuka. Yule asiyeweza kuianza asubuhi bila kuzimua anawaonyesha dalili hizo kila siku, ila ninyi mmezizoea. Katika siku mbili za kwanza anaweza kuanguka kifafa hata kama hajawahi kuwa nacho maishani. Kisha, kati ya siku ya pili na ya nne, baadhi yao huweweseka: huona wadudu ukutani, husikia watu wasiokuwapo, hawajui wako wapi, moyo huenda mbio na homa hupanda. Hali hiyo isipotibiwa inaweza kuua.

Na hapo ndipo familia hupotea njia. Kijana aliyenyamaza siku mbili, ambaye wote walimpongeza kwa kuacha, usiku wa tatu anaanza kupigana na viumbe asivyoviona mtu mwingine. Mmoja anasema amerogwa, mwingine anasema ni majini, na saa zinapita. Hatukuja kuhukumu imani ya mtu. Tunachosema ni kwamba mtu wa namna hiyo aanze kufikishwa hospitali, usiku huo huo, na daktari aelezwe bila kuficha kwamba huyu ni mnywaji na amekatisha pombe siku fulani. Taarifa hiyo peke yake humwokolea daktari muda mwingi.

Si kila mnywaji hufika huko. Wengi huweza kutibiwa wakitokea nyumbani, wakihudhuria kliniki, na hawahitaji kulipia kitanda popote. Lakini Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mwenye hatari ya kupata dalili kali, au mwenye ugonjwa mwingine mzito wa mwili au wa akili, au asiye na mtu wa kumwangalia nyumbani, ni vyema atibiwe akiwa amelazwa. Aliyewahi kuanguka kifafa au kuweweseka alipojaribu kuacha zamani ni wa kundi hilo, na mama mjamzito naye hapaswi kuachwa ajaribu peke yake. Wakiwa hospitali hupewa dawa ya kutuliza kwa dozi inayopunguzwa siku hadi siku, maji, na vitamini B1, ambayo huwa pungufu kwa mnywaji mkubwa na ambayo ikikosekana kumbukumbu yake yaweza kuharibika moja kwa moja. Ikiwa nyumba unayotaka kulipia haina muuguzi wala daktari wa kufanya hayo, mpeleke mgonjwa wako huko baada ya siku hizo, si kabla.

Kwa wakazi wa Kinondoni mlango wa karibu ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mwananyamala, na kwa wa Temeke ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Temeke. Ukianzia zahanati au kituo cha afya cha mtaani kwako utapewa barua ya rufaa. Muhimbili wana idara ya magonjwa ya akili, na Dodoma iko Hospitali ya Mirembe, ambayo imehudumia wagonjwa wa akili tangu enzi za ukoloni. Wengine hukataa kwa kuogopa jina: «Mwanangu si kichaa.» Tunawaelewa. Lakini uraibu wa pombe ni ugonjwa unaotibiwa na wataalamu hao hao, na kuogopa jina la jengo kumewagharimu watu fedha nyingi mahali penye jina zuri zaidi.

Tuondoe pia mkanganyiko mmoja. Watu husikia habari za methadoni, iliyoanza kutolewa Muhimbili mwaka 2011 na baadaye Mwananyamala na Temeke, wakadhani ni dawa ya kila uraibu. Sivyo. Methadoni ni ya wanaotumia heroini na dawa za jamii yake; haitibu pombe. Anayekuahidi methadoni kwa ajili ya mlevi wa gongo, ama hajui kazi yake, ama anajua.

Sasa twende kwenye vyeti. Ukiingia ofisini mwa nyumba hizi utaona karatasi zenye mihuri zimetundikwa ukutani. Usitosheke na kuziona, sogea uzisome. Cheti cha usajili wa shirika lisilo la kiserikali kinasema shirika lipo. Namba ya mlipakodi inasema linatambuliwa na wakusanya kodi. Leseni ya biashara inasema limeruhusiwa kufanya biashara. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachosema kwamba mtu wa humo ameruhusiwa kumchoma sindano mgonjwa wako. Mahali panapotoa tiba panapaswa kuwa na usajili wa kituo cha afya kutoka Wizara ya Afya. Kuhusu nyumba za upataji nafuu zenyewe, uliza Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015. Simu yao ya bure ni 119. Ni kweli pombe si miongoni mwa dawa za kulevya zinazokatazwa na sheria hiyo, lakini nyumba nyingi huwapokea wa unga na wa pombe chini ya paa moja, hivyo swali lako si geni kwao. Ofisa ustawi wa jamii wa manispaa yako naye aulizwe.

Tuje kwenye fedha. Tuchukulie mfano wa mama wa Mbagala aliyekopa kikoba na kuuza cherehani ili mwanawe akae miezi mitatu. Anaambiwa alipe yote kwa mkupuo, tena kwa namba ya simu ya mtu binafsi, «kwa sababu ofisi bado inafungua akaunti». Siku ya tisa kijana anatoroka. Mama anarudi kudai, anaonyeshwa karatasi aliyoitia saini akiwa analia, imeandikwa kwamba fedha iliyolipwa hairudishwi. Kisa hiki ni cha kubuni, lakini kila kipande chake kingeweza kuzuiwa kabla ya siku ya kwanza.

Lipa kwa mwezi, au kwa wiki mbili mbili, hata kama ukilipa kwa mkupuo umeahidiwa punguzo. Ukituma kwa simu, tazama jina linalotokea kabla ya kuthibitisha. Liwe la taasisi. Dai risiti ya mashine. Chukua mkataba uende nao nyumbani, usomwe na mtu asiyelia. Ndani yake iwemo ada na kilichomo ndani ya ada: chakula, dawa, vipimo, ushauri nasaha, na nani hulipa mgonjwa akipelekwa hospitali. Iwemo pia hesabu ya kurejesha fedha mtu akiondoka mapema, kwa kuwa kuondoka mapema ni jambo la kawaida katika huduma hii na mwenye nyumba analijua vizuri kuliko wewe. Nyumba nyingi hufuata hatua kumi na mbili zilizotokana na chama cha Alcoholics Anonymous, kilichoanza Marekani mwaka 1935. Si njia mbaya, na imewasaidia wengi. Lakini mikutano ya chama hicho popote duniani haina kiingilio. Kwa hiyo ukiambiwa ada kubwa ni ya «programu», uliza ni nini kingine kilichomo.

Omba kuona ndani, na usiridhike na sebule ya wageni peke yake. Tazama mahali pa kulala, choo, jiko na lango. Uliza kama wanawake wanapokelewa, na kama wana sehemu yao na mhudumu wao wa kike. Uliza siku za kumtembelea ndugu yako. Ukiambiwa hutaruhusiwa kumwona wala kuzungumza naye kwa miezi, ahirisha. Tunafahamu hoja ya kumtenga na marafiki wa kilabuni, nayo ina mantiki. Mama yake si rafiki wa kilabuni.

Hapa tunaingia kwenye jambo zito. Mtu mzima mwenye akili timamu hafungiwi kwa sababu ndugu zake wamelipa. Mnyororo, kipigo, kumwagiwa maji ya baridi usiku, kunyimwa chakula kwa jina la nidhamu, hayo si matibabu, hata kama mwenye nyumba naye alipitia hayo na akaacha. Yule ambaye ugonjwa umemwondolea uwezo wa kuamua, Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 imeweka utaratibu wa kumlaza bila ridhaa yake. Utaratibu huo hauwezi kufupishwa kwa makubaliano ya ndugu na mwenye nyumba langoni, saa nne za usiku, kijana akiwa amefungwa kamba kwenye bajaji. Tunajua anayefanya hivyo amefika mwisho wa uwezo wake. Bado ni kosa.

Kisha yako matangazo ya kwenye nguzo za umeme: dawa ya kuacha pombe, anawekewa kwenye chai bila mwenyewe kujua. Tunaomba msinunue. Ipo dawa halali, disulfiramu, ambayo mtu akiinywa kisha akanywa pombe hutapika, uso humwiva, presha hushuka na moyo unaweza kushindwa. Daktari humpa anayejua na aliyekubali, baada ya kumpima. Kumwekea mtu kwa siri dawa ya namna hiyo, au unga usiojulikana, ni kuhatarisha maisha yake. Na anayetangaza kwamba wateja wake hupona asilimia mia, na hawarudii tena, anasema jambo ambalo hakuna hospitali inayothubutu kulisema. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu huduma; tunzeni tangazo hilo, au lipigeni picha, mtuletee.

Kwa walioajiriwa tuna neno fupi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa likizo ya ugonjwa ya hadi siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Kinachotakiwa ni cheti cha daktari. Barua ya mwenye nyumba haitoshi, na hiyo ni sababu nyingine ya kuanzia hospitali.

Ukiwa na lalamiko, njoo na mkataba, risiti, ujumbe wa simu uliotumiwa na tarehe za kuingia na kutoka. Kama kuna majeraha, usianzie kwetu: anzia kituo cha polisi upate fomu namba 3, uende nayo hospitali, kisha uje. Maswali tutayapokea sasa. Wasiopenda kuuliza mbele ya majirani watatukuta pale mezani chini ya mwembe, na tutabaki hadi wa mwisho aondoke.