Mkarafuu Hauchumwi Mwaka Uliopandwa

Wazee wetu, kina mama, na vijana wa Wambaa mlioko nyumbani na mliosafiri.

Nimeombwa nizungumzie masomo ya uzamivu katika baiolojia ya seli na ukuaji wa viumbe. Nitaanza na maradhi tunayoyajua: siko seli.

Mtoto mwenye siko seli huzaliwa akionekana mzima. Tumboni mwa mama damu yake ilitumia himoglobini ya mimba, ambayo haina kasoro. Akishazaliwa, mwili huizima hiyo taratibu na kuwasha ya ukubwani. Hapo ndipo seli nyekundu hujikunja kama mundu, huziba mishipa midogo, na mtoto hulia kwa maumivu ya mifupa. Lakini wapo ambao himoglobini ya mimba hubakia nyingi, na aghalabu hao hupata nafuu. Dawa ya haidroksiyurea husaidia hasa kwa kuipandisha himoglobini hiyo.

Kwa nini ibaki kwa huyu, izimike kwa yule? Mwaka 2014 Siana Nkya Mtatiro wa Muhimbili na wenzake walichapisha utafiti wa vinasaba vya wagonjwa zaidi ya 1,200 wa Tanzania, wakilitafutia jibu swali hilo.

Kazi kama hiyo ndiyo uzamivu. Mwanafunzi hupewa msimamizi, huchagua swali lisilojibiwa, hukaa maabara miaka mitatu, minne au zaidi, hurudia jaribio mpaka aliamini, kisha huandika tasnifu na kuitetea mbele ya mabingwa. Ukihesabu tangu kidato cha kwanza, ni yapata miaka 15.

Pa kurudi kufanya kazi papo. Maabara ya Ivo de Carneri iko Wawi, Chake Chake, tangu mwaka 2000. Kinachokosekana ni mwanzo. Kijana asiyewahi kuiona seli kwa jicho lake hukariri mchoro, akajibu mtihani, akasahau.

Kwa hivyo mchango wa mwaka huu tunauomba kwa hadubini, vioo vyake, na dawa za maabara kwa skuli yetu. Tusitarajie daktari wa utafiti mwakani. Mkarafuu nao husubiriwa miaka, na waliotupandia hawakuchoka kusubiri. Kila mwenye chake, kidogo au kingi, akitoe leo.