Kilo za Sponji: Godoro kwa Mtu Mwenye Mwili Mkubwa

Mada kwa wauzaji wa magodoro, maseremala wa vitanda na wenye nyumba za wageni



Anayeingia duka la magodoro Kariakoo, au Mwembe Tayari kule Mombasa, huulizwa mambo mawili: futi ngapi, inchi ngapi. Tano kwa sita, inchi nane. Bei inatajwa, watu wanavutana kidogo, godoro linapigwa kamba na kupandishwa juu ya bajaji. Kwa mteja wa kilo 60 maswali hayo mawili huenda yakatosha. Kwa mteja wa kilo 110 hayatoshi, na huyo ndiye atakayerudi kabla ya muda akilalamika kwamba godoro limekaa bonde. Mara nyingi hujibiwa kwa utani kuhusu mwili wake. Nasema mapema kwamba utani huo ni ukosefu wa adabu, na zaidi ya hapo unaficha kosa la biashara: aliuziwa sponji isiyomfaa, na muuzaji hakuwa na njia ya kujua kwa sababu hakuuliza sponji hiyo ina uzito gani.

Kilichomo ndani

Sponji ya magodoro yetu mengi ni poliyurethani. Kemia yake ilianzia Ujerumani mwaka 1937 katika maabara ya Otto Bayer na wenzake, na sponji laini ya kulalia ikaenea viwandani miaka ya 1950. Kiwandani huchanganywa vimiminika viwili vikuu, polioli na isosianati, pamoja na maji kidogo. Maji yakikutana na isosianati hutoa hewa ya kaboni dioksidi, nayo huumua mchanganyiko kama hamira inavyoumua maandazi. Maji yakizidi, vitundu vinaongezeka, na bonge linalotoka ni kubwa na jepesi.

Siri ya bei iko hapo. Kiwanda hununua malighafi kwa kilo, sisi tunauza godoro kwa inchi. Anayetaka kutoa inchi 10 kwa bei ya inchi 6 ana njia moja rahisi: kuuza hewa zaidi.

Uzito wa sponji kwa ujazo wake huitwa densiti. Ni kilo ngapi za sponji zimo katika mita moja ya ujazo. Sponji nyepesi ya sokoni huwa na densiti ya 16 hadi 18. Ya kati ni 21 hadi 25. Inayostahili kweli jina la haidensiti huanzia 28 na kupanda. Tatizo ni kwamba neno haidensiti limebandikwa kwenye kava za magodoro ya kila aina, na muuzaji mwenyewe mara nyingi hajui namba iliyo nyuma yake.

Namba hiyo inaweza kupatikana dukani kwa futi ya kupimia na mizani. Chukua godoro la futi 5 kwa 6, inchi 8. Ujazo wake ni karibu mita 0.57. Likiwa na densiti ya 18, sponji peke yake itakuwa na kilo 10 na kidogo. Likiwa na 24, kilo 13 na nusu. Likiwa na 32, kilo 18. Godoro la 6 kwa 6 la inchi 10 lina ujazo wa karibu mita 0.85, kwa hiyo la densiti 32 litafika kilo 27, na la densiti 18 litaishia kilo 15. Tofauti ya kilo 12 haihitaji utaalamu. Hata mbeba mizigo anaisikia begani.

Kwa mtu mmoja anayefika kilo 100 na kuendelea, nisingemuuzia sponji iliyo chini ya densiti 32 kama tabaka linalobeba mwili. Akivuka kilo 130, nitatafuta 35 au 40. Kati ya kilo 80 na 100, 28 hadi 30 inatosha. Hiyo si sheria ya serikali, ni kipimo cha kazi. Sababu yake ni rahisi kueleza: kuta za vitundu ndizo zinazobeba mtu, na kila anapogeuka zinajikunja na kujikunjua. Kuta nyembamba huchoka, hupasuka, na sponji haijai tena hapo kiuno na makalio yanapolala.

Mizani inaweza kudanganywa kwa njia mbili, na washiriki wazijue. Kwanza, baadhi ya watengenezaji huongeza unga wa chaki ili sponji iwe nzito. Uzito unapanda, nguvu haipandi. Sponji ya namna hiyo hukatika kirahisi ukiifinya na kuivuta kwa vidole pembeni, na ukiikandamiza kwa ngumi hurudi kwa uvivu. Pili, kuna sponji ya mabaki, yaani vipande vilivyosagwa na kugandishwa kwa gundi, yenye marakaraka ya rangi nyingi. Densiti yake hufika 80 au 100 na zaidi. Huuzwa kwa jina la othopedi, kana kwamba daktari wa mifupa alikuwapo kiwandani. Sio mbaya. Kama msingi wa chini kwa mtu mzito inafaa sana, lakini kulalia yenyewe bila kitu juu ni kulalia ubao. Na kava nayo ina uzito wake, kilo moja au mbili, hivyo ipunguzwe kwenye hesabu.

Ugumu ni jambo jingine

Hapa ndipo wateja na wauzaji wengi wanapopotea pamoja. Mtu akisema mgongo unamuuma, anapewa godoro gumu kuliko yote dukani, na wazee wanamwongezea ushauri wa kulala chini. Densiti na ugumu ni vitu viwili. Sponji inaweza kuwa nzito na laini, au nyepesi na ngumu kwa kuongezewa kemikali. Ile nyepesi iliyofanywa ngumu ndiyo hatari zaidi, kwa sababu siku ya kununua inamridhisha mteja, kisha ugumu unaondoka mapema.

Mwaka 2003 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa Hispania kwa watu wazima 313 wenye maumivu ya muda mrefu ya sehemu ya chini ya mgongo. Wengine walipewa magodoro magumu, wengine ya ugumu wa wastani, bila kuambiwa ni yapi. Baada ya siku 90, waliolalia ya wastani walikuwa na nafuu kubwa zaidi, kitandani na wakati wa kuamka. Utafiti ule haukuwalenga watu wazito, lakini unatosha kuondoa imani kwamba gumu zaidi ndilo dawa.

Sasa wastani kwa nani? Godoro ambalo mtu wa kilo 60 analiita la wastani, mtu wa kilo 120 analizamia mpaka kiuno kinashuka chini ya mabega na uti wa mgongo unapinda kama chandarua kilicholegea. Kwake yeye wastani ni lile ambalo mtu mwembamba atalikataa kwa ugumu. Kwa hiyo muuzaji mwembamba asijaribu godoro kwa niaba ya mteja.

Kuna na jambo la ubavu. Watu wengi wenye miili mikubwa hawawezi kulala chali kwa raha. Koo linabanwa, wanakoroma, wengine pumzi hukatika kwa muda. Wanalala ubavu. Anayelala ubavu anahitaji bega na nyonga vizame kidogo, la sivyo mkono utakufa ganzi usiku kucha. Ndiyo maana godoro linalomfaa huwa na tabaka mbili: chini sponji nzito na imara ya inchi 6 au 7, juu inchi 2 au 3 za sponji laini yenye densiti nzuri vilevile. Tabaka la juu likiwa la bei rahisi, litalala ndani ya miezi michache hata kama la chini ni zima, na mteja atalaani godoro zima.

Unene nao una kazi yake. Inchi 6 za sponji nzuri bado zinaweza kumfikisha mtu wa kilo 120 kwenye chaga akiketi ukingoni. Inchi 8 iwe ndio mwanzo, inchi 10 ni bora kama pesa ipo. Lakini nikilazimishwa kuchagua kati ya inchi 10 za densiti 18 na inchi 8 za densiti 32, sitafikiri mara mbili.

Springi, sufi na memori fomu

Springi nzuri humfaa mtu mzito kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu chuma hakichoki haraka na hewa inapita. Uliza unene wa waya; kwenye vipimo vya geji namba ndogo ndiyo waya mnene, kwa hiyo 13 ni imara kuliko 15. Uliza pia ukingo umeimarishwaje, kwani mtu mzito huketi ukingoni kabla ya kulala na kabla ya kusimama. Pwani, hewa ya chumvi hula waya usiopakwa vizuri.

Memori fomu ilibuniwa katika kazi za NASA miaka ya 1960. Hulainika kwa joto la mwili. Kwa Njombe au Limuru sina neno. Kwa Tanga mwezi wa Februari, mtu mkubwa atazama humo na kutoka jasho.

Sufi ya msufi na pamba hugandamana, lakini zina fadhila ambayo sponji haina: fundi anaweza kulifungua godoro, kuchambua na kujaza upya. Aliyenalo asilitupe.

Chaga

Maseremala mlioko hapa, malalamiko mengi ya godoro ni ya kwenu. Kitanda cha urefu wa futi 6 chenye chaga 8 za upana wa inchi 3 huacha nafasi za karibu inchi 7 kati ya chaga na chaga. Sponji iliyobanwa na kilo 200 za watu wawili hutokezea katika nafasi hizo na kukatika kutoka chini, mahali ambapo hakuna anayetazama. Chaga 13 za upana huohuo hupunguza nafasi kuwa chini ya inchi 3. Kwa kitanda cha futi 5 au 6 kwa upana, weka mhimili wa kati unaotoka kichwani hadi miguuni, wenye mguu unaogusa sakafu. Msonobari wa inchi moja bila mhimili huo utapinda, na kitakachoonekana ni bonde kwenye godoro. Mteja atakwenda kugombana na muuzaji wa godoro wakati mkosaji ni kitanda. Wenye vitanda vya chuma vya nyavu waweke ubao wenye matundu juu ya nyavu kabla ya godoro.

Nailoni na jua

Tunapenda kuacha nailoni ya kiwandani juu ya godoro ili lisichafuke. Jasho halina pa kwenda, unyevu unabaki ndani, na joto pamoja na unyevu hulegeza sponji. Mtu mkubwa hutoa jasho zaidi, kwa hiyo ndiye anayeumia zaidi. Nailoni itolewe siku ya kwanza, iwekwe kava la pamba linalofuliwa.

Kinyume chake ni tabia ya kuanika godoro juani, tuliyorithi kutoka kwenye sufi. Sufi hupenda jua. Sponji hugeuka njano na kuwa unga. Iegemezwe kivulini penye upepo. Na kila miezi miwili au mitatu, kichwani pawe miguuni.

Kumjaribisha mteja

Magodoro yetu husimamishwa wima, yamefungwa, kwenye barabara ya watu. Ni nani, hasa mama mwenye mwili wake na buibui lake, atakayejilaza hapo mbele ya vijana wa mkokoteni? Anabonyeza kwa kiganja, anasema sawa, analipa. Kiganja hakisemi lolote kuhusu kilo 110. Duka linalotaka wateja hawa litenge kona yenye pazia, kitanda kimoja chenye chaga sahihi, na magodoro matatu ya densiti tofauti yaliyovuliwa nailoni. Alale dakika 10 au 15 kwa mkao wake wa kila siku. Akiwa chali, msaidizi wa jinsia yake apitishe mkono chini ya kiuno: ukipita bila kugusa chochote, godoro ni gumu mno, ukikwama kabisa na nyonga zimezama, ni laini mno.

Wakija wawili, walale wote wawili. Mume wa kilo 120 na mke wa kilo 65 hawana godoro moja linalowafaa sawasawa, maana mwepesi atateremkia kwa mzito. Fremu moja ya 6 kwa 6 inaweza kubeba magodoro mawili ya 3 kwa 6 yenye densiti tofauti na unene mmoja, ndani ya kava moja. Najua wapo watakaosema ndoa hiyo ina mgogoro. Shuka ikishatandikwa, hakuna mgeni atakayejua.

Kwa wenye nyumba za wageni: hamhitaji kubadili vyumba vyote. Vyumba viwili au vitatu vyenye godoro zito na chaga za kutosha, na mhudumu wa mapokezi anayejua avitoe kwa nani bila kutoa maelezo.

Dhamana

Muuzaji akitoa dhamana ya miaka, aandike inapimwaje. Ulaya kuna kipimo cha EN 1957, ambapo pipa la kilo 140 huviringishwa juu ya godoro mara 30,000 kabla ya kupima lilivyobonyea na ugumu uliopungua. Sisi dukani tunahitaji kamba na rula tu. Vua kava na shuka, subiri godoro lipumzike saa chache, vuta kamba ikakamae kutoka ukingo hadi ukingo, pima kina kutoka kwenye kamba hadi pale palipozama zaidi. Inchi moja na nusu ni shimo, bila mabishano, na godoro libadilishwe. Kabla ya hapo tazameni chaga, na mkiona moja imevunjika, seremala aitwe kwanza. Uzito wa mteja usiwe sababu ya kumnyima dhamana isipokuwa kikomo chake kiliandikwa kwenye risiti siku aliponunua, naye akakisoma.