Ufa Ukutani na Mwenye Nyumba Asiye na wa Kumdai

Kukwama kwa mwenye nyumba, kwa maana inayotumika katika maoni haya, ni hali ya mtu aliyekwisha kulipia ujenzi, akapata nyumba isiyokalika au iliyo hatarini, na asiwe na fedha ya kuirekebisha wala mtu wa kumdai akalipwa. Katika miji ya Tanzania hali hii ina sura yake, kwa kuwa nyumba nyingi za watu binafsi hazijengwi kwa mkataba mmoja na mkopo mmoja, bali hupanda kidogo kidogo kadiri akiba inavyopatikana: msingi mwaka huu, boma miaka miwili baadaye, kenchi na bati pengine baada ya kulipwa kiinua mgongo. Mwenye nyumba hununua vifaa mwenyewe na kumlipa fundi ufundi tu, na mara nyingi fundi aliyejenga msingi siye aliyepaua. Kwa hiyo kasoro inapojitokeza, akiba yote imekwisha kugeuka ukuta, na kila fundi humsukumia mwenzake lawama.

Kasoro zenyewe hujificha. Tofali lililofyatuliwa kwa kupunja saruji hufanana kwa macho na tofali imara, hasa ukuta ukishapigwa lipu. Zege, yaani mchanganyiko wa saruji, mchanga, kokoto na maji, kwa kawaida hupimwa uimara wake likiwa na siku 28. Lakini lisipomwagiliwa maji katika siku za mwanzo hukauka kabla ya kukomaa, na nguvu iliyopotea hapo hairudishwi na lipu wala rangi. Mchanga wa baharini usiosafishwa huingiza chumvi inayokula nondo polepole, mpaka kutu ivimbe na kulipasua zege kutoka ndani. Tena si kila ufa ni kosa la fundi: zipo sehemu za Kibaha, mkoani Pwani, zenye udongo wa mfinyanzi unaovimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, na nyumba iliyosimama juu yake kwa msingi wa kawaida hunyanyuliwa na kushushwa msimu hadi msimu, hata kama matofali yake yalikuwa bora.

Ndiyo maana msaada wa kwanza unaohitajika ni ukaguzi wa mhandisi anayeweza kutamka kwa maandishi kwamba ufa umetoka wapi, kabla ya wakili na kabla ya ugomvi. Anayekimbilia kuziba nyufa kwa lipu mpya huzika ushahidi wake mwenyewe, ingawa hastahili kulaumiwa, kwa sababu mvua haimsubiri mtu amalize kesi.

Sheria haikunyamaza. Kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinampa aliyeumizwa na uvunjaji wa mkataba haki ya fidia kwa hasara iliyotokana na uvunjaji huo kwa kawaida ya mambo. Mapatano ya mdomo nayo yanaweza kuwa mkataba, na dai la aina hii huwa na ukomo wa miaka 6. Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyoundwa kwa Sheria Na. 17 ya mwaka 1997, husajili makandarasi na ina uwezo wa kuwafutia usajili. Hata hivyo, kufutiwa usajili kwa mkandarasi hakumrudishii mtu bati lake, na hukumu dhidi ya fundi asiye na mali ya kukamatwa hubaki karatasi. Maombolezo baada ya ghorofa kuporomoka katikati ya Dar es Salaam Machi 29, 2013, na tena Kariakoo Novemba 16, 2024, yalistahili kabisa. Lakini yalielekeza macho kwenye vifo na adhabu, na swali la nani hulipia ukuta uliopasuka bila kuua mtu limebaki bila mwenyewe.

Nchi nyingine zimeligeuza swali hilo. Ufaransa, kwa sheria ya Januari 4, 1978, humtaka anayejengewa awe na bima inayogharimia matengenezo ya kasoro kubwa kwanza, kisha bima hiyo ndiyo humfuata aliyekosea, ili mwenye nyumba asikae chini ya dari linalovuja huku wataalamu wakibishana. Kenya imefungua mahakama za madai madogo, kwa sheria ya mwaka 2016, ambazo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 za nchi hiyo na hutakiwa kuyamaliza ndani ya siku 60. Jimbo la Maryland, Marekani, lina mfuko wa fidia unaochangiwa na makandarasi wenyewe, ila mfuko huo huwalinda tu waliomwajiri mkandarasi mwenye leseni.

Sharti hilo la mwisho, likihamishiwa Tanzania lilivyo, lingewaacha nje wale wanaoumia zaidi, yaani waliojengewa na mafundi wa mtaani. Njia iliyo karibu zaidi ni urasimishaji wa ujuzi unaofanywa na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ambao humpima na kumpa cheti fundi aliyejifunzia kazini: fundi mwenye cheti hicho angeweza kuchangia mfuko kwa kiwango anachokimudu, na aliyemwajiri akapata pa kukimbilia. Miradi ya barabara imezoea kipindi cha matazamio, yaani muda baada ya kukabidhiwa kazi ambapo sehemu ya malipo huzuiwa mpaka ionekane kwamba kazi haina kasoro. Hakuna kinachozuia utaratibu huo kuandikwa katika makubaliano ya nyumba ya vyumba vitatu, yakashuhudiwa katika ofisi ya serikali ya mtaa, na sehemu ya malipo ya fundi ikabaki mikononi mwa mwenye nyumba mpaka masika ya kwanza yapite juu ya paa hilo.