NG'OMBE WALIFUKUZWA KONDOA, WASOMI WALIANDIKA: NANI ALIMSIKILIZA MFUGAJI?

(Ifuatayo ni hotuba ya mmoja wa makada wetu mbele ya vijana wa Dodoma Mjini. Tunaichapa kama ilivyosemwa. – Mhariri)

Ndugu zangu vijana, wanamageuzi wenzangu,

Mmeniita nizungumze juu ya utafiti wa vyuo vikuu na shida za wananchi. Naona wengine mnapiga miayo, mnasema huyu mzee katuletea darasa. Vumilieni. Habari yenyewe ina ng'ombe, ardhi na jela ndani yake.

Tuanzie Kondoa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na ofisi ya utafiti wa ardhi, BRALUP, iliyoanzishwa mwaka 1967. Watafiti wake waliungana na wenzao wa Uppsala, Sweden, wakapima mmomonyoko wa udongo. Hapa kwetu walipima mabwawa ya Ikowa, Matumbulu, Msalatu na Imagi, wakakuta matope yanayajaza kwa kasi. Kazi yao ilichapishwa mwaka 1972. Mwaka uliofuata Serikali ikaanzisha HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, kwa fedha za Sweden. Mpaka hapo sina ugomvi na mtu. Msomi kapima, mtawala kasikia.

Ugomvi unaanza mwaka 1979. Ikatoka amri kwamba mifugo yote iondoke katika kilomita za mraba 1,256 za milima ya Kondoa. Ng'ombe, mbuzi, kondoo, punda, jumla wanyama wapatao 90,000. Wewe unayeendesha bodaboda pale Sabasaba, jiulize ingekuwaje ukiambiwa pikipiki zote zitoke mjini, na aliyetoa amri hajawahi kukuuliza unakula nini. Mrangi aliyenyang'anywa ng'ombe kanyang'anywa maziwa ya mtoto, samadi ya shamba na benki yake. Na zama zile za chama kimoja ungekwenda kulalamika wapi? Kwa yule yule aliyekufukuza!

Haki isemwe. Majani yaliota, miti ikarudi, makorongo mengi yakatulia. Anayekataa hilo ni mwongo, hata kama ana kadi ya upinzani. Lakini mifugo ile haikuyeyuka. Ilipelekwa tambarare, na mzigo wa malisho ukahamia huko. Ilipita miaka 10, hadi 1989, ndipo ng'ombe wakaruhusiwa kurudi, tena wa kufungiwa bandani na kukatiwa majani.

Sasa sikilizeni vizuri. Wasomi walirudi tena Kondoa, safari hii kutoka Dar es Salaam na Stockholm, na kazi ikaendelea miaka yote ya 1990. Vipimo vya umri wa udongo vikaonyesha kwamba milima ile ilianza kumomonyoka maelfu ya miaka iliyopita. Sisemi mfugaji hakuchangia. Nasema alihukumiwa peke yake kwa kesi iliyoanza kabla babu wa babu yake hajazaliwa. Msomi mwingine, Wilhelm Östberg, alikaa na Waburunge akawasikiliza. Akakuta wao wana hesabu yao: wanasema ardhi inapanda juu. Unaweza kucheka. Lakini mtu anayelima pale ana maelezo yake kuhusu shamba lake, na mpango wowote usioyajua maelezo hayo atausubiri upite, kisha aendelee na yake.

Wapo wanaosema basi tatizo ni wasomi. Hapana. Mwaka 1991 Rais Mwinyi aliunda Tume ya ardhi chini ya Profesa Issa Shivji wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tume ikazunguka Bara, ikafanya mikutano ya hadhara, ikasikia vilio vya wanakijiji. Novemba 1992 ikakabidhi ripoti. Ilisema nini? Kwamba mamlaka ya mwisho juu ya ardhi yatoke mikononi mwa Rais, yaende kwa chombo huru cha taifa na kwa mikutano ya vijiji. Vigogo wakaisoma, wakachagua vya kuchagua, na hilo la msingi wakalikataa. Sheria za Ardhi za mwaka 1999 zikaacha ardhi yote kwa Rais kama mdhamini. Hapo msomi aliuliza, mwananchi akajibu, na mtawala akaziba masikio.

Kisha ikaja mwaka 2018. Bunge, lililo hapa hapa mjini kwetu, likarekebisha Sheria ya Takwimu. Ukitangaza takwimu zinazopinga zile za Serikali, faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili! Kelele zikapigwa ndani na nje, hata Benki ya Dunia ikasema ina wasiwasi. Mwaka 2019 makali ya adhabu hiyo yakaondolewa. Mnaona? Waliirudisha nyuma sheria kwa sababu watu walipiga kelele.

Tunacho Chuo Kikuu cha Dodoma tangu 2007, kule kilimani. Hata ukumbi wa Chimwaga, ambako chama tawala kilimteua Mkapa mwaka 1995, uliingizwa katika chuo hicho. Ni kilomita chache kutoka Chang'ombe na Nkuhungu. CDA, iliyogawa viwanja vya mji huu tangu 1973, ilivunjwa Mei 2017, lakini malalamiko ya viwanja hayakuvunjwa nayo. Nani aliondolewa wapi, alilipwa kiasi gani, sasa anaishi wapi? Hilo ndilo swali ninalotaka tulipeleke chuoni kwa barua, na majina ya mitaa tuyataje. Na mtafiti akija na dodoso lake, msimjibu kwa kumfurahisha. Mwambieni kweli, mkamdai arudi kuwasomea alichoandika, kwa Kiswahili.

Rasimu ya barua ninayo hapa mezani. Kabla hatujaisoma, napokea maswali. Wewe kijana wa kofia nyekundu, anza.