Duka moja, mitandao mingapi?

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Kisumu Ndogo, Kibera)

 

Leo tunazungumza juu ya swali ambalo vikundi vyenyewe vimetuletea. Siku hizi vikundi vingi vina duka au kibanda, na humo vinafanya uwakala wa pesa za simu ili kupata kamisheni. Sasa mnauliza: tubaki na mtandao mmoja, au tuchukue M-Pesa, Airtel Money na benki, vyote pamoja?

Kwanza tukumbuke tulikotoka. M-Pesa ilianza Machi 2007. Kwa miaka kadhaa wakala wa Safaricom alifungwa na mkataba asihudumie mtandao mwingine. Airtel ilipeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, na Julai 2014 sharti hilo likaondolewa. Benki nazo zilipata mwongozo wa Benki Kuu mwaka 2010, zikaanza kuwatumia wenye maduka kama mawakala. Huko Dar es Salaam, kumkuta wakala ana simu tatu mezani ni jambo la kawaida kabisa. Basi ruhusa tunayo. Swali ni kama mfuko wa kikundi unaweza.

Wacha tuwasimulie yaliyokipata kikundi kimoja cha kina mama tunaowatembelea. Jina tunaliacha. Walikuwa na shilingi 90,000, akiba ya miaka miwili, wakaziweka katika mtandao mmoja. Kazi ikaenda vizuri. Wakaona jirani ana mabango matatu ukutani, nao wakataka matatu. Lakini hawakuwa na pesa mpya. Waligawa zile zile: 30,000 huku, 30,000 kule, 30,000 pale.

Mwisho wa mwezi ukafika. Ninyi mnajua Kibera mwisho wa mwezi. Watu wamelipwa, kila mtu anataka kuweka pesa kwenye simu atume nyumbani. Wateja watatu tu wa shilingi 10,000 wakamaliza floti ya mtandao wa kwanza. Wa nne akaambiwa, "Floti imeisha, mama." Akaenda kwa jirani, na hakurudi. Wakati huo huo floti ya mitandao ile mingine imelala tu, haina mwenye kuiulizia.

Kisha mwanachama mmoja akaomba akiba yake, maana mtoto amerudishwa nyumbani kwa karo. Mweka hazina akasema pesa ziko, ila ziko kwenye simu, asubiri. Mama akauliza, simu ipi? Kulikuwa na simu tatu na daftari moja, na hesabu haikusomeka. Maneno ya wizi yakaanza. Tulipokaa nao siku mbili na kuhesabu, hakuna hata shilingi iliyopotea. Lakini wanachama wanne walikuwa wameshatoka. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Hapa mali ilibaki, wakaisha watu.

Tuelewe basi kazi yenyewe. Wakala ana mifuko miwili: pesa taslimu mezani na floti kwenye simu. Mteja akiweka pesa, floti inapungua na taslimu inaongezeka. Akitoa, ni kinyume. Kila mtandao unataka floti yake. Ukiongeza mtandao bila kuongeza pesa, unapunguza nguvu ya ule ulio nao. Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme 90,000 katika mtandao mmoja zinaleta kamisheni ya 9,000 kwa mwezi. Mkizigawa mara tatu, wa kwanza ukaleta 5,000, wa pili 1,500, wa tatu 800, jumla ni 7,300. Mabango yameongezeka, mapato yamepungua.

Je, tunasema mbaki na mmoja daima? Hapana. Mtandao ukilala siku nzima, duka la mtandao mmoja linalala nao. Mkataba ukivunjwa, mnabaki mikono mitupu. Wa pili ni kinga nzuri, lakini uje kwa utaratibu. Sisi tunashauri hivi:

1. Kwa mwezi mmoja andikeni kila mteja mliyemkosa na alichotaka. Kama wengi walikosa floti ya mtandao mlio nao, dawa ni kuongeza floti hiyo. Kama wengi waliulizia mtandao mwingine, huo ndio wa kufikiria.

2. Mtandao wa pili upate pesa yake mpya, kutoka kwa faida au michango. Akiba ambayo mwanachama anaweza kuiomba kesho isiwekwe kwenye floti.

3. Kila mtandao uwe na daftari lake na mtu wake, na namba ya siri asipewe mwingine. Hesabu ifungwe kila jioni, watu wawili waweke sahihi.

4. Baada ya miezi mitatu, gawanyeni kamisheni kwa floti. Mtandao unaoleta kidogo kwa kila shilingi 1,000 mliyoweka, uachwe bila aibu.

Tena msichanganye uwakala na kupokea malipo ya bidhaa. Mwaka 2022 Benki Kuu ilitangaza kuunganishwa kwa malipo ya wafanyabiashara kati ya M-Pesa, Airtel Money na T-Kash. Kwa hiyo anayeuza sabuni au mboga aulize kwanza kama namba yake moja inatosha, kabla ya kuchukua ya pili.

Bwana wetu katika Luka 14 anamtaja mtu atakaye kujenga mnara, ambaye hukaa kwanza akahesabu gharama. Nasi tukae tuhesabu. Fisi alishindwa na njia mbili, na njaa yake ilikuwa ya kwake peke yake. Pesa hizi ni za watu kumi na tano na watoto wao.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:
- Mwezi uliopita tulikosa wateja wangapi, na kwa nini?
- Mwanachama akiomba akiba yake leo, atalipwa leo?
- Ni nani kati yetu anayeweza kusoma daftari letu na kulielewa?