JINSI JIJI LINAVYOWATUMIKIA WAKAZI WAKE
Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka



Halmashauri imetuamuru tuseme machache juu ya kazi ya jiji letu la Nairobi katika kuyatengeneza maisha ya wakazi wake. Twashukuru kwa heshima hiyo.

Nairobi ilipewa hadhi ya jiji mwaka 1950. Kwa miaka mingi mambo yake yalishikwa na Baraza la Jiji, na mwaka 1962 Bwana Charles Rubia akawa Mwafrika wa kwanza kuwa Meya. Baraza hilo lilikoma mwaka 2013, na mahali pake pakashikwa na Serikali ya Kaunti kwa mujibu wa Katiba ya mwaka 2010. Wengi wetu bado husema "Kanjo". Si neno, maadamu twaijua kazi yake.

Kazi hiyo imeandikwa katika Katiba: zahanati na hospitali za kaunti, shule za watoto wadogo, masoko, taa za barabarani, uzoaji wa taka, maji safi, na mifereji ya maji ya mvua. Polisi na shule za sekondari ni kazi ya Serikali Kuu. Twayataja haya kwa sababu mara nyingi twabisha mlango usiohusika, kisha twalaumu kwa kukosa jibu.

Fedha nazo hutoka wapi? Sehemu hutoka katika Hazina ya Taifa, na sehemu mifukoni mwetu: kodi ya ardhi, leseni za biashara, na ada za masoko. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Makadirio ya matumizi yapaswa kufikishwa mbele ya Bunge la Kaunti kabla ya mwisho wa Aprili, na Katiba yaamuru wananchi washirikishwe.

Hapo, ndugu zetu, ndipo tulipokosea. Mtaro wa mtaani petu uliziba kabla ya masika. Tulinung'unika msikitini, kanisani, na penye vibanda vya chai. Mvua ikanyesha, maji machafu yakaingia majumbani, watoto wakaugua matumbo, na chama hiki kikazichangia nyumba tatu gharama za hospitali. Tulipokwenda kushitaki, mwezi wa Juni, tuliulizwa kwa upole: barua yenu i wapi? Hatukuwa nayo. Makadirio yalikuwa yamekwisha kujadiliwa, na mtaro wetu haukuwamo.

Hatusemi kwamba wakubwa hawana makosa. Lakini ni vigumu kumdai mtu jibu la ombi ambalo hakuletewa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Kwa hiyo twaleta mashauri matatu. Kwanza, kila Januari tuandike mahitaji ya mtaa, tukitaja mahali na idadi ya nyumba zinazodhurika. Pili, tuchague wajumbe wanne, wazee kwa vijana, wanaume kwa wanawake, wahudhurie mikutano ya makadirio. Barua yetu ipigwe muhuri wa kupokelewa, na nakala ihifadhiwe katika faili ya chama. Tatu, fedha zikipitishwa, wajumbe hao waikague kazi na kutuletea habari.

Masika yatarudi. Twaomba mkutano huu uyapitishe mashauri haya leo, kabla hatujatawanyika.